Mwitikiaji wa Pikisula

Pikisula mtu hasemi peke yake barazani. Mwenye neno hutoa sentensi moja, akatulia kidogo, na katika ule utulivu mwitikiaji hutia sauti yake: "Ndivyo." Au "Hasa." Au, jambo likiwa zito, "Endelea, tunalibeba pamoja." Hapo ndipo msemaji huendelea. Na mto mzima, kuanzia maporomoko ya juu hadi pale barabara ya mjini inapokomea, watu walijua kwamba hakuna mwitikiaji kama Asipe wa Pikisula. Vijiji vingine vilimwazima siku za matanga na siku za mashauri makubwa, vikamrudisha na samaki wa moshi na sifa tele.

Kwami alikuwa mtoto wa dada yake Asipe, na sifa za mjomba alizivaa kama zake. Lakini alikuwa pia amekaa Paramaribo, mji mkuu wa nchi, kusomea ualimu, na huko alijifunza kwamba watu wa mtoni wakianza kuzungumza, watu wa mjini hutazama saa. Akajizoeza kusema haraka, kwa mkato, bila kumngoja mtu amwitikie. Aliporudi nyumbani na cheti chake alirudi na fahari na aibu pamoja, wala hakujua vitakaaje katika mfuko mmoja.

Mwaka huo shirika moja la mjini lilikuwa likitafuta kijiji cha kujengewa shule ya sekondari. Mpaka wakati huo mtoto wa Pikisula akimaliza shule ya msingi, alifungasha akaenda kuishi mjini kwa watu. Kwami mwenyewe alikuwa amelala miaka mingi kwenye veranda ya jamaa wa mbali, akila baada ya wenye nyumba kula. Aliitaka shule ile kwa moyo wote. Alitaka afundishe hapa, watoto wasome kisha warudi jioni kwa mama zao. Vilikuwa vimebaki vijiji viwili tu vya kuchaguliwa: Pikisula na jirani zao wa juu ya maporomoko. Bi Sumarni Kartosen, mjumbe wa shirika, angesema na baraza la Pikisula asubuhi, kisha mchana apande mto kwenda kwa wale wengine. Akisharudi mjini ndipo kijiji kimoja kingechaguliwa.

Asubuhi hiyo Kwami alimkuta mjomba wake gatini, akikalafati ufa wa mtumbwi.

"Mmeamka, Mjomba?"

"Tumeamka, mpwa wangu. Na wewe? Maana macho yako yanasema yalikesha bila wewe."

"Nimeamka. Mjomba, nina ombi."

"Ombi la asubuhi halisikiki kwenye tumbo tupu. Umekula?"

"Nitakula. Nisikilize kwanza." Kwami alichuchumaa. "Leo mgeni akisema, naomba usimwitikie."

Asipe aliweka nyundo chini. "Hebu rudia."

"Naomba unyamaze tu. Watu wa mjini hawajazoea mambo haya. Nilimwona kwenye mkutano huko Paramaribo. Bwana mmoja alimkatiza maneno, yeye akafunga jalada lake, akakunja mikono, akamtazama yule bwana mpaka ukumbi mzima ukaona haya. Ukimwingilia kila sentensi atadhani unamdhihaki. Na ana haraka."

"Kwa hiyo unamficha sisi."

"Simfichi. Namrahisishia."

"Ukimficha mgeni nyumba yako, atalala wapi?"

"Mjomba, hii ni shule! Tukishaipata tutaitikiana mpaka makoo yakauke."

Asipe aliutazama mto. Kunyamaza alikujua vizuri, kwa kuwa nusu ya kazi ya kuitikia ni kujua pa kunyamaza. Kisha akaokota nyundo yake.

"Sawa. Lakini mdomo huu si wangu, ni wa kijiji. Leo umeuazima wewe. Utaurudisha wewe."

Kwami akashukuru mara mbili, akakimbia kubadilisha shati.

Bi Sumarni alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, aliyenyooka, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Aliposhuka kwenye boti alisalimia kila mtu kwa mikono miwili, akiinamisha kichwa kidogo. Afiba, dada yake Kwami, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alipokea mkoba wa mgeni na kuupimapima.

"Kaka, ndiye huyu anayeleta shule? Mbona mkoba wenyewe mwepesi?"

"Nyamaza, Afiba."

"Au shule imo kwenye miwani?"

Wanawake wakacheka. Bi Sumarni, ambaye hakuielewa lugha ya mtoni, alicheka nao kwa adabu.

Baraza lilikaa chini ya paa la bati lisilo na kuta. Kabiteni Maleni, mkuu wa kijiji, alikuwa kwenye kigoda chake, fimbo magotini. Kando yake alikaa Seena, msaidizi wake, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo. Asipe alikaa mahali pake pa siku zote, mkabala na msemaji. Wazee walikuwa wameivalia siku hiyo: mashuka ya mabegani yaliyotariziwa na wake zao, rangi juu ya rangi. Kwami alisimama karibu na mgeni kumfasiria.

"Nimekuja kwa heshima," alianza Bi Sumarni.

Kwami akafasiri, akatua kwa mazoea. Sauti ya kuipokea sentensi ile haikuja. Kabiteni akageuza macho kwa Asipe. Asipe alikuwa akitazama mikono yake.

"Shule tunayoifikiria itakuwa na madarasa manne na nyumba ya mwalimu."

Kimya. Kwenye ukingo wa baraza mtu alikohoa.

Bi Sumarni aliendelea, na Kwami aliona jambo lililomfurahisha: uso wa mgeni ulikuwa ukifunguka. Mabega yake yalilegea, sauti yake ikawa na joto. *Nilijua,* Kwami alijiambia. *Nilijua atapenda hivi.* Akafasiri kwa bidii zaidi, akiharakisha, akiziunganisha sentensi ili ule utulivu wa katikati usionekane sana.

Kitu ambacho hakukiona, kwa kuwa alikuwa akimtazama mgeni peke yake, ni kijiji chake.

Pikisula kulikuwa na mtu wa namna moja tu ambaye hakuitikiwa: mtu anayefukuzwa. Mara ya mwisho alikuwa mfanyabiashara wa mbao aliyekata miti penye makaburi. Alisema mbele ya baraza hili mpaka ulimi ukamkauka, na Asipe hakumpa hata "mh". Mwishowe akachukua kofia yake akaenda, na hakurudi. Kwa hiyo watu walipomwona Asipe ametia ufuli mdomoni, hawakuhitaji kuelezwa. Asipe hamnyamazii mtu bila sababu. Huyu mama lazima ana jambo baya, na Asipe amelijua. Seena akageuza kigoda chake ubavu. Mzee mmoja akafuata, kisha mwingine. Na Afiba, ambaye dakika chache nyuma alikuwa akitania, akanyanyuka kwa uso mzito, akawagusa wenzake wawili. Maana Pikisula hata anayefukuzwa haachwi abebe mzigo wake mwenyewe. Wao si watu wa hivyo.

"Nimemaliza," alisema Bi Sumarni. "Nashukuru mlivyonisikiliza. Nangoja jibu lenu."

Kwami akafasiri, akitabasamu.

Kabiteni Maleni akasimama. "Mwambie boti iko tayari."

Tabasamu la Kwami lilibaki usoni bila mwenyewe. "Kabiteni?"

"Umenisikia, kijana."

Ndipo Kwami alipoviona vigoda vilivyogeuzwa. Na Bi Sumarni, aliyekuwa akitazama nje kati ya nguzo, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwami, mbona mzigo wangu unakwenda mtoni?"

Afiba alikuwa akiteremka njia ya gatini, mkoba kichwani, amenyooka kama anayesindikiza jeneza.

Bi Sumarni hakungoja afasiriwe. Aliwainamia wazee, akavaa miwani yake, akashuka gatini. Kwami akamfuata.

"Kama nimekosea, nielezeni kosa," alisema yule mama alipofika kwenye mawe. Sauti yake haikupanda. "Nimefanya kazi hii muda mrefu. Nimewahi kuzomewa. Nimewahi kukatizwa. Lakini kusikilizwa vizuri namna ile halafu nikafungiwa mzigo, hapana, hilo sijaliona."

Jibu la uongo lilimjia Kwami likiwa limeshanyolewa na kuvishwa. Angeweza kusema: wanakusaidia tu, Bi Sumarni, wanajua una haraka. Mgeni angecheka, angepanda boti, na Kwami angebaki nyuma kuwatuliza wazee. Shule ingeweza hata kuja. Hakuna ambaye angejua.

Alimtazama Afiba, aliyekuwa akiufuta mkoba vumbi kabla ya kuuweka botini, ili usije ukasemwa ulitoka Pikisula mchafu. Safari hii hakuona aibu.

"Hukukosea," alisema. "Nimekosea mimi. Wamekufukuza kwa sababu yangu."

Akamweleza. Alimweleza jinsi neno linavyopokewa, na kazi ya mjomba wake, na ombi lake la asubuhi. Mwanzoni alisema kwa haraka ya mjini. Kisha, bila kukusudia, akaanza kutua baada ya kila sentensi.

"Wazee wetu walitoroka utumwani, kwenye mashamba ya miwa, usiku," alisema. "Msituni hawakuweza kuwasha moto, wala kuonana. Sisi tunavyosimuliwa, aliyekuwa mbele alisema neno, na wa nyuma yake akaitika. Asipoitikiwa alijua amebaki peke yake, au mwenzake ameshikwa. Ndiyo maana hapa hatumwachi mtu aseme na giza. Hata tusiyempenda tunamwitikia. Mjomba wangu amewaitikia watu ambao hakukubaliana nao hata kwa neno moja. Kuitikia ni kumwambia mtu: nakuona, upo, sema. Na mimi nikaona ni kitu cha kukuficha."

Bi Sumarni alikaa kwenye jiwe.

"Bibi yangu mzaa mama," alisema, "wazazi wake waliletwa kwa meli kutoka Java. Kwenye mashamba yale yale, Kwami. Ninyi mlipokwisha kutoka. Bibi akisema, nyumba nzima ilishika pumzi. Tuliinamisha macho, hata mkeka usilie. Kumkatiza mtu ni kumwambia hana thamani." Akacheka kidogo, cheko la mtu anayejishangaa. "Pale barazani nilikuwa najiambia, hakuna mahali nimewahi kuheshimiwa kama hapa."

"Samahani, Bi Sumarni."

"Ngoja. Hilo la mzigo limeshapita. Linaloniuma ni jingine." Alimgeukia. "Uliniona mara moja mjini, ukahukumu kwamba mimi siwezi kujifunza. Ukawafunga watu wako mdomo, na mimi ukanifunga masikio. Mimi nilikukosea nini, na wao walikukosea nini?"

Kwami aligeukia njia ya barazani.

"Twende," alisema. "Kama bado unataka. Nitasema mbele yao."

"Wataniitikia?"

"Sijui kama wataniitikia hata mimi."

Walipanda pamoja. Baraza lilikuwa bado limekaa, likisemezana kwa sauti za chini, na lilipowaona likanyamaza. Kwami hakwenda kusimama kando ya mgeni. Alikwenda kusimama mahali pa msemaji, katikati, mahali ambapo hakuwa amewahi kusimama maishani mwake.

"Wazee, kosa ni langu," alisema, akatua.

Kimya kilikuwa kirefu. Alisikia mto. Alijua sasa vile yule mtu wa msituni alivyojisikia.

"Ndivyo," ilisema sauti ya Asipe.

Kwami nusura alie. "Mimi ndiye niliyemwomba mjomba anyamaze."

"Hasa."

"Niliwaonea haya."

Vigoda vililia. Asipe alingoja mpaka vikatulia. "Endelea. Tunalibeba pamoja."

Akasema yote, hata yale ya kule gatini, na ya bibi yake Bi Sumarni na mkeka usiolia. Alipomaliza, Seena alipiga makofi kwa hasira.

"Wewe mtoto! Yaani tumemfukuza mgeni asiye na kosa, na mimi nimempa ubavu, ubavu wenyewe huu mkubwa?"

Baraza likaangua kicheko. Kabiteni Maleni alijaribu kukaza uso akashindwa, akajifanya anakohoa.

"Asipe," alisema alipopata sauti, "mgeni apewe haki yake. Mwitikie."

"Hapana, Kabiteni. Mdomo wa kijiji uliazimwa leo asubuhi, na aliyeuazima yupo. Mama huyu anasema lugha ya mjini, mimi naijua ya kununulia chumvi tu. Amwitikie anayemwelewa. Akishaligeuza neno kwa lugha yetu, mimi nitamwitikia yeye."

Ikawa hivyo. Bi Sumarni alirudi mahali pa msemaji, na Kwami akakaa mkabala naye kwenye kigoda cha mjomba wake. Asipe alisimama nyuma.

"Nimekuja kwa heshima," alisema yule mama, na macho yake yakamtafuta Kwami.

"Ndivyo," alisema Kwami, kwa lugha ya mjini. Akageuka, akalisema neno lile kwa lugha ya mto.

"Ndivyo," alisema Asipe.

Sentensi moja ilipita mikono miwili. Bi Sumarni alishtuka kidogo mara ya kwanza, kama mtu aliyeguswa bega kwa nyuma. Mara ya tatu alikuwa ameshaizoea, na baada ya hapo alianza kusema mambo ambayo asubuhi hakuyasema. Alisema kwamba mwalimu atakayekuja huenda asiwe mtu wa mto. "Tunakusikia." Kwamba wakati wa kulima watoto watakuwa darasani. "Hasa." Kisha akatua, akamtazama Kwami.

"Mjini niliambiwa Pikisula ni watu wagumu, wenye majivuno, wasiopenda wageni."

Kwami alitaka kulikataa neno hilo, alitaka kumtetea kila mtu aliyekuwa chini ya bati lile. Lakini mwitikiaji hatetei, anapokea. Akanyoosha mgongo.

"Umesema, nimesikia. Endelea."

Akaligeuza neno lile bila kulipunguza makali. Asipe alingoja. "Umesema, tumesikia," akasema. "Lakini majivuno hayo mengine ni ya kweli." Na hapo hata wazee waliokuwa wamenuna walicheka.

Ikafika zamu ya Kabiteni. Aliongea polepole, Asipe akimwitikia, Kwami akifasiri kwa sauti ya chini: kwamba shule wanaitaka, ila wakati wa kufyeka mashamba masomo yasogezwe, na mwalimu wa kutoka nje akaribishwe, ila kabla ya kufundisha akae barazani siku kadhaa asikilize. Bi Sumarni alimsikiliza mikono ikiwa magotini, macho chini, hapepesi, hasogei. Seena akamnong'oneza Asipe, na sauti yake ya kunong'ona ilifika mpaka mtoni.

"Mbona yeye haitiki?"

"Anaitika," alisema Asipe. "Kwao ndivyo wanavyoitika."

Seena akamtazama yule mama vizuri. Kisha, taratibu, akakigeuza kigoda chake kikaelekea mbele, na yeye pia akainamisha macho. Hakuwahi kukaa kimya hivyo tangu azaliwe, na baadaye alidai kwamba ilimuuma shingo.

Kabiteni alipomaliza, Bi Sumarni aliinua uso. "Sina mamlaka ya kutoa neno la mwisho leo," alisema, "na juu ya maporomoko wananingoja, nao nitawasikiliza kwa haki. Lakini sitakwenda leo. Nataka nilale hapa. Kama bado kuna nyumba ya kulala mgeni."

Kwami akafasiri, na alipofika kwenye neno *nyumba* hakuweza kumtazama mjomba wake.

Afiba alikuwa ameshafika gatini kabla ya neno kwisha. Alipanda tena na mkoba kichwani, safari hii akicheza, nyonga upande huu, nyonga upande ule.

"Mzigo huu leo umetembea kuliko mimi! Bi Sumarni, kesho ukiondoka ubebe mwenyewe."

Kwami akamfasiria, na mgeni akacheka mpaka akavua miwani.

Shule ilijengwa Pikisula. Watoto wa juu ya maporomoko hushuka kwa boti Jumatatu na kupanda Ijumaa, na mashairi ya matusi wanayotupiana na wa Pikisula ni sehemu ya masomo, ingawa haimo kwenye ratiba. Siku ya kwanza Kwami alisimama mbele ya darasa lililonukia mbao mpya. Mlangoni alikuwa Asipe, ambaye alisema alikuwa akipita tu, ingawa njia haipiti hapo.

"Mmeamka?" aliuliza Kwami.

"Tumeamka, Mwalimu!"

"Mimi naitwa Kwami, wa hapa hapa," alisema, akatua, akangoja bila haraka.

Msichana mmoja wa nyuma alitazama huku na huku. "Ndivyo," alisema, kwa sauti ya kujaribu.

"Hasa!" akadakia mwingine.

Kwami akachukua chaki.